Mwoka Mikate na Mjukuu Asiyekula Ngano

Kwa miaka thelathini na kitu nilioka boflo katika tanuri moja la Mji Mkongwe, na kuna nyumba katika vichochoro vyetu ambazo hazikuhitaji saa. Harufu ya mkate ikipita dirishani, watu walijua wakati wa chai umefika. Kwa hiyo binti yangu, anayeishi Uingereza, aliponipigia simu kuniambia kwamba madaktari wamemkataza mtoto wake ngano maisha yake yote, nilicheka. Nakiri kuwa nilicheka.

"Mjukuu wa mwoka mikate?" nilimwambia. "Hao wamemchanganya na mtoto wa mtu mwengine."

Yeye hakucheka. Alinieleza polepole kwamba utumbo wa mtoto haupokei ngano, hata chembe. Akiila, utumbo unajichubua kwa ndani na anaumwa siku kadhaa. Nikawa naitikia naam, naam, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Moyoni nilisema hilo ni deko la Ulaya.

Mwaka uliofuata walikuja nyumbani kwa Idd. Mtoto alikuwa na miaka minane. Mama yake alimbebea begi zima la biskuti na mikate yake maalumu, nami nikaliona begi lile kama tusi. Tangu lini mtu akaja Unguja na chakula chake, kana kwamba anakwenda jangwani?

Asubuhi ya Idd nyumbani kwetu hupikwa bokoboko. Ngano nzima hulowekwa, ikapikwa na nyama mpaka vikashikana, ikapondwa, ikamwagiwa samli. Watu wote walikuwa wamelizunguka sinia. Mtoto yeye aliketi pembeni na gauni lake jipya, ana biskuti mkononi, anatutazama. Sikuweza kustahamili. Nikamwita uani, nikamtilia kwenye kibakuli.

"Onja kijiko kimoja tu," nikamwambia. "Huu si mkate. Hii siri yetu, mimi na wewe."

Nilijua ni ngano. Niliiloweka kwa mikono yangu mwenyewe. Alikula vijiko vitatu, akaramba samli midomoni, nami nikajiona babu bora kuliko wote kisiwani.

Kabla ya adhuhuri alikuwa anatapika. Alilala kitandani siku nne, amekunjana kama kamba. Mama yake aliingia jikoni akakagua kila kitu, mwisho akamgeukia mama yake mzazi, yaani mke wangu: "Ni masufuria yako, mama. Hayakuoshwa vizuri." Mke wangu aliapa, akalia. Mimi nilikuwa sebuleni, gazeti limenifunika uso, na sikusema neno. Kosa la kwanza naweza kulitafutia sababu. La pili sina la kusema ila kwamba niliogopa.

Waliondoka kabla ya wakati wao. Hawakurudi kwa miaka tisa.

Mwaka huu binti yangu alipiga simu. "Tunakuja, baba. Tutafikia nyumbani. Lakini nakwambia mapema, akiumwa mara moja tu, tunahamia hoteli Kendwa siku ile ile, na simleti tena."

"Hataumwa," nilisema.

"Sitaki ahadi. Nataka jikoni safi."

Basi nikaanza kazi. Nilitoa nyumbani kila kilichowahi kugusa ngano: kibao cha chapati, chekeche, miiko ya mbao, hata kopo langu la unga nililoondoka nalo tanurini nilipostaafu. Nilinunua miiko, chekeche na vyungu vipya Darajani. Nikaacha boflo asubuhi, mimi niliyekula boflo tangu sijaota jino la pili, nikawa nanywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Mke wangu alinivumilia siku tatu, ya nne akashindwa.

"Wee mzee, mbona bidii hii? Mara ile ulikuwa wapi?"

Nikatafuna muhogo wangu.

Walifika Jumamosi. Mtoto amekuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu kunishinda, ana Kiswahili kinachopandapanda kama mtu anayetembea juu ya mawe. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Alinionesha kadi aliyochapisha mwenyewe, imeandikwa kwa Kiswahili kisafi vitu vyote asivyoweza kula, ili awape wapishi. Nikaisifu. Jioni ile ile tukatoka naye kwenda kuijaribu kwa muuza urojo.

Muuzaji aliishika kadi kwa mkono mmoja, wa pili ukiendelea kukoroga. Aliitazama muda wa kupepesa jicho. "Hamna ngano hapa, binti. Kunywa bila wasiwasi."

Mjukuu wangu alinyoosha mkono kupokea bakuli. Mimi, sijui nini kilinituma, nikamwambia yule bwana: "Yakhe, urojo wako umekuwa mzito vizuri. Wengine wanauza maji ya manjano. Wewe unafanyaje?"

Kifua kikamfura. "Mzee, wengi hawajui. Siri ni unga. Unachukua ngano kidogo, unaikoroga na maji baridi isifanye mabonge, ndipo unatia embe mbichi..."

Mjukuu wangu alirudisha mkono taratibu. Muuzaji akatutazama, akakumbuka kadi, akajipiga paji la uso. "Ala! Lakini hiyo ngano ya kuufanya mzito tu, binti, mimi siihesabu!"

Tulicheka wote watatu, na yeye kuliko sisi. Hakuwa mwongo. Kwetu kumwambia mgeni hapana ni kama kumfukuza mlangoni, kwa hiyo ukimuuliza mtu kama chakula chake kina kitu fulani, atakujibu lile litakalokufurahisha. Ila ukimsifu, ukamuuliza anapikaje, hatakuficha hata chembe ya chumvi. Kutoka siku ile kadi ilikaa mkobani, na mimi nikawa msifu wa vyakula. Tulizunguka mji nikisifu. Kwa sifa tuligundua kwamba bajia ni za dengu tupu, lakini zinakaangwa kwenye mafuta yale yale ya sambusa. Kwa sifa tuligundua kwamba pweza wa kuchemsha hana la kuficha, wala muhogo wa makaa. Kuna mama mmoja alifurahi na sifa zangu hata akanieleza na ugomvi wake na wifi yake.

Ugumu ulikuja kwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Siku ya tatu alileta sahani ya vitumbua, imefunikwa kitambaa, bado vina moto. Vitumbua ni vya mchele, kila mtu anajua. Binti yangu alisimama akaizuia sahani kwa mkono. Nikaona uso wa jirani unabadilika.

"Kwani chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, bibie," nikadakia. "Mimi ndiye niliyewafundisha wasile kabla sijauliza. Vimeumuka kama mito. Umefanyaje?"

Alilegea. "Mchele niliuloweka usiku kucha, nikausaga na tui. Hamira, hiliki. Halafu kiganja kimoja cha ngano, visikatikekatike."

Macho yetu yote yakaenda kwa msichana. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama na msichana. "Ebo! Kumbe mtoto hali ngano? Mbona hamkuniambia, mkaniacha nije kumuua?" Aliichukua sahani yake akaondoka mbio. Baada ya adhuhuri alirudi na vitumbua vingine, vimekatikakatika vibaya, vingine nusu, vingine robo. "Hivi havina sura," alisema, "lakini havina ngano." Mjukuu wangu alikula kumi na moja. Jirani alisimama mlangoni akivihesabu kwa midomo.

Hata hivyo nilikuwa na jambo langu. Mtoto huyu alikuwa amekula chakula cha kila mtu isipokuwa changu. Nilitaka kumuokea mkate. Sio boflo. Mkate wa mofa, ule wa mtama, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Tanuri la zamani lisingefaa, kuta zake zimekunywa ngano miaka na miaka. Nikanunua mtungi mpya wa udongo, nikautoboa chini, nikauzika nusu uani na kuuzungushia mchanga. Mtama nilikataa kuupeleka mashine, maana mashine husaga kila kitu. Tuliutwanga nyumbani kwa kinu kilichokuwa hakijapata kazi kwa miaka.

Nikaukanda kama nilivyozoea, kwa nguvu, nikabandika duara la kwanza kwenye ukuta wa mtungi. Likadondoka majivuni. La pili likadondoka. La tatu lilishika, nikaanza kutabasamu, likadondoka. Ngano huvutika na kung'ang'ania. Mtama haujui hayo. Mjukuu wangu alikaa juu ya kibao cha mbuzi akicheka mpaka machozi.

"Babu, umesema ulikuwa mwokaji?"

"Nilikuwa mwokaji wa ngano. Mtama ni nchi nyengine."

Mke wangu, ambaye kwao ni Makunduchi, alitoka jikoni akanisukuma pembeni. "Sehemu ya unga uipike uji kwanza, ndiyo ukandie. Miaka yote hiyo ya mikate, hata hili hulijui?" Sikulijua. Tukafanya kama alivyosema, na mikate ikashika.

Ijumaa baada ya sala tukatandika mkeka. Sinia moja katikati: wali, samaki changu wa nazi, na rundo la mikate ya mofa yenye madoa ya moto. Siku zote hizo msichana alikuwa akila kwenye sahani ya peke yake, na kijiko chake kwenye mfuko, kwa sababu mama yake alizoea kuhofia kwamba katika sinia mkono ulioshika mkate wa ngano huingia kwenye wali wa wote. Nyumbani kwetu hapakuwa tena na ngano kwa mtu yeyote, kwa hiyo niliwaomba tule pamoja.

Binti yangu alisita. Alimtazama mama yake. "Mama, una hakika na vyombo? Maana Idd ile..."

Mke wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuchoka kujitetea. Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Nikalirudisha.

"Vyombo vya mama yako vilikuwa safi," nilisema. "Ni mimi. Nilimpa bokoboko uani. Nilijua ni ngano, na nikanyamaza."

Mke wangu alinyanyua uso. "Wewe!"

"Mimi."

"Miaka tisa! Miaka tisa nasugua masufuria kwa mchanga mpaka yanatoboka, nalaumiwa na mwanangu mwenyewe, na wewe unasoma gazeti!"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishakutukana vya kutosha. Sijaanza."

Binti yangu alimkamata mama yake mkono, akaubusu, akaubakisha shavuni muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi, na macho yale yalinifanya mdogo kuliko mtoto.

"Na mikate hii, baba? Umefanyaje? Usiruke kitu hata kidogo."

Nikamweleza. Mtama ulipotoka, kinu, mtungi, uji, mwiko gani, chekeche gani, nani aliyegusa. Nilielewa pale kwamba ana haki ya kuuondoa mkate ule mkekani, na kwamba kama atauondoa sitakuwa na la kumlaumu.

Ni msichana aliyemaliza. "Mama, mimi nilijua," alisema. "Babu aliniambia ni siri. Nimeitunza."

"Ulijua? Ukamwacha bibi yako alaumiwe?"

"Nilikuwa na miaka minane! Halafu kila mwaka ilikuwa inazidi kuwa ngumu kusema."

"Hapo umemrithi babu yako," alisema mke wangu, na kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Kikamshika na binti yangu. Walicheka wameshikana mikono, wanafuta machozi kwa kanga moja. Msichana alinyoosha mkono, akamega mkate wangu, akauchovya kwenye mchuzi wa nazi, akautia mdomoni. Mama yake alimwona. Hakumzuia.

"Babu," alisema mdomo umejaa, "huu una ladha ya moshi." Akamega tena.

Sikulala vizuri siku ile, naye alilala kama gogo. Asubuhi nilikaa uani nikisikiliza mlango wa choo kama askari wa lindo. Saa nne alitoka chumbani, nywele zimesimama, akauliza kama mikate imebaki. Siku ya pili vilevile. Mke wangu alikuwa bado ananitukana, lakini kwa awamu, akipumzika wakati wa kula.

Jumatatu binti yangu alivaa viatu mapema. Alitaka kumpeleka mama yake Kizimbani kutazama mashamba ya viungo, wawili tu, watembee na kuzungumza yale ya miaka tisa. Msichana alisema yeye amechoka, atabaki. Nilingoja nisikie maagizo: mtoto ale hiki, asile kile, begi la biskuti liko pale. Binti yangu alisimama mlangoni akitafuta miwani yake ya jua, akaikuta kichwani kwake.

"Baba, mchana mpikie."

"Nimpikie nini?"

"Unachotaka," alisema, akamshika mama yake mkono wakashuka kichochoroni.

Nilisimama pale mpaka sauti zao zikapotea. Nilipogeuka mjukuu wangu alikuwa jikoni tayari, anafunua vyungu kimoja kimoja, ananiuliza kama kuna samaki au twende sokoni.