Mkate wa Bwana Glavu

Wachuuzi wa soko la Samarkand walimwita fundi funguo Bwana Glavu tangu alipovaa glavu za sufu katikati ya joto kali la Julai. Saratani yake ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini, na dawa kali ya dripu ilifanya chuma kimchome vidole kama miiba. Dawa ya pili, inayozisaka seli za saratani, ilimjaza vipele usoni. Wateja wakaacha kumpa pesa mkononi, wakawa wanazitupa mezani. Yeye alipuliza vumbi la kila ufunguo, akaukabidhi huku mkono mwingine ukiwa kifuani kwa heshima. Mohlaroyim, muuza mkate wa jirani, alijua desturi: msafiri huuma mkate, na watu wa nyumbani huutundika mpaka arudi aumalize. Fundi, kila alipokwenda hospitali, aliutundika mwenyewe kibandani.

“Ami, mkate wako hauna wa kuungoja?” alimtania.

“Nani aungoje, binti yangu? Hizi kufuli?”

Safari ya kwenda hospitali kupigwa picha za ndani ya mwili, ili ijulikane kama dawa zinafanya kazi, alifunga kibanda bila kuuma chochote. Mohlaroyim alimkimbilia na mkate wa moto. “Uma, Ami! Huu utatundikwa kwangu.”

Akauma.

Aliporudi, alisema tu kwamba uvimbe haujakua. Mohlaroyim aliutungua mkate, akammiminia chai ya moto. Fundi aliketi nyuma ya meza yake, akauchovya ule mkate mkavu kipande kwa kipande, akaula taratibu kwa sababu ya vidonda vya mdomo vilivyoletwa na dawa, hata akaokota ufuta wa mwisho ulionasa kwenye sufu ya glavu.