Vidole Viwili vya Wifi

Wifi yangu ni fundi cherehani wa suti. Mteja akimsumbua kuhusu bei, humuuliza kama anataka suruali ya mguu mmoja.

Alipogundulika ana ukoma hakulia. Alipewa pakiti za vidonge vya mwaka mzima, akarudi kushona. Mwezi wa nne wa dawa mambo yakaharibika. Mabaka yaliyokuwa yamefifia yakavimba, yakawa mekundu na ya moto. Kiwiko kikamuuma hata kukiegemeza mezani hakuweza, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikalegea. Mkasi ukamponyoka juu ya koti la mteja.

Hapo ndipo mimi, mjuaji wa kila kitu, nilipofungua kinywa.

"Wifi, hivyo vidonge ndivyo vinavyokumaliza. Vitupe!"

Akavitupa. Siku tatu nilijiona daktari. Siku ya nne alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake, nikamfunga mimi. Fundi mzima! Aibu iliniingia mpaka kwenye mifupa, nikampeleka kliniki.

Muuguzi, mama mmoja asiye na papara, alimbonyeza kiwiko, wifi akaruka.

"Ugonjwa haujarudi," alisema. "Kinga ya mwili wako imeamka, inapambana na mabaki ya vijidudu, na vita hiyo inaumiza neva. Tukichelewa, vidole ndiyo basi tena. Nani alikwambia uache dawa?"

Wifi hakunitazama hata kidogo. "Ujinga wangu tu, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akapewa pakiti mpya, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupunguzwa polepole kwa miezi mitano. Hiyo dawa ilimvimbisha uso.

"Wifi, mashavu yamefika kabla yako," nikamtania.

"Na wewe akili yako itafika lini?"

Nilistahili. Kila asubuhi nilimhesabia vidonge, na yeye akifanya mazoezi ya vidole huku akinitukana kwa upendo.

Miezi mitano ya ile dawa ya uvimbe ilipokwisha, muuguzi alichomeka karatasi katikati ya vile vidole viwili. "Bana," akasema, akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa nguvu, ikachanika vipande viwili.

Nilipiga kigelegele mpaka waliokuwa kwenye foleni wakachungulia mlangoni. Wifi alikiinua kipande chake, bado kimebanwa, machozi yakimtiririka.

"Karatasi zenu hafifu, mama," alisema. "Leta kitambaa."