Saa ya Kinshasa Ndani ya Kontena

Tonton wangu, kaka mkubwa wa marehemu papa wangu, ndiye aliyepaswa kunipelekea posa Jumamosi ile. Akagoma. "Kijana anakaa mbele ya ordinateur, kompyuta yake hiyo, kutwa nzima, nitawaambia batu yeye iko na kazi gani? Mimi siwezi kudanganya wazee wenzangu."

Nilimpenda yule binti hadi chakula hakipiti kooni. Nikamwomba tonton mtihani: nimtengenezee tovuti ya baleniere yake, ile mashua ndefu ya mbao inayoshuka mto kutoka kwetu Kisangani hadi Yanonge, abiria wakate tiketi kwa simu. Ikienda vizuri, atanisemea. Akaguna. "Bon. Tutaona."

Kwenye laptop yangu kila kitu kilikwenda safi. Lakini laptop yangu umeme ukikatika nayo inalala, kwa hiyo ilibidi programu ihamie kwenye kompyuta ya kukodi, huko mbali, isiyozimwa. Nikaifunga ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachohitaji, ili ikifika ugenini iwake vilevile kama nyumbani. Ni kama kumfungia mtoto anayekwenda bweni: sufuria, chumvi, kiberiti, asiombe kwa mtu. Mimi nikajaza hadi makorokoro, mega zangu za intaneti zikaisha kifurushi hakijapanda hata nusu. Nikapunguza, nikapanda toleka, baiskeli zetu za abiria, hadi kwa rafiki mwenye intaneti ya maana. Kikapanda! Nilicheza peke yangu mle chumbani mwake, sioni haya kusema.

Safari ya kwanza ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Saa mbili na kidogo simu ikalia. Tonton. "Njoo bandarini. Sasa hivi."

Eh, mama yangu! Bandari imefurika, manyunyu yanaanguka, na mama mmoja muuza kwanga, ile mikate yetu ya muhogo, beseni kichwani, akanidaka kabla sijashuka vizuri kwenye toleka. "Ni weye uliandika saa mbili? Saa mbili imepita, mashua iko bado kulala! Munatuchezea, eh?"

Nikafungua tovuti. Kweli, saa mbili. Wakati wa kufunga kontena nilitakiwa kuliambia lifuate saa ya wapi, nami kwa pupa nikaandika Kinshasa, kana kwamba mji mkuu ndio nchi nzima. Na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja! Laptop yangu ilijua iko Kisangani, kontena likajiona liko Kinshasa, likaiandika saa tatu yetu kuwa saa mbili. Kwisha habari yangu, nikajisemea, binti ndiyo basi tena.

"Tonton, kosa ni langu," nikamwambia. "Nitarekebisha leo leo."

Hakunisikiliza. Alikuwa anawatazama watu. Miaka yote mashua yake ya saa tatu iliondoka saa tano, saa sita, ikingojea wale wanaopiga simu kusema wako njiani wakati bado wanaoga. Leo wote wamefika. Saa tatu kamili kamba ikafunguliwa, mama wa kwanga akinitukana kutoka nyuma ya mashua hadi injini ikamzidi sauti.

"Usiguse kitu," tonton akasema.

"Lakini tonton, tunawadanganya watu. Wamelowa."

"Donc? Kwa hiyo?"

Nikagusa. Nikaweka saa yetu, na chini yake nikaandika: tafadhali fika mapema. Tonton akanuna. Ijumaa nzima hakupokea simu yangu, na sikulala.

Jumamosi nilimkuta ameshaketi sebuleni kwa wazazi wa binti, shati limepigwa pasi, hanitazami. Baba wa binti akauliza swali lenyewe: huyu kijana wenu ana kazi gani?

"Kazi yake sielewi," tonton akasema. "Ninachojua, alikosea, na kosa lake likanifaa. Nikamkataza kulirekebisha. Akalirekebisha. Huyo ndiye niliyewaletea."

Mama wa binti akapiga kigelegele. Mimi nililia pale pale, mbele ya wakwe, bila hata leso.