Masini ya Mvuke Iliyokosa Bomba Moja

Siku yangu ya kwanza katika depo ya reli ya Kamina, shefu wa atelié, yaani karakana, alinisimamisha mbele ya masini ya mvuke. "Weye utakuwa ajusteri," akasema. "Kupima njo kazi. Nyundo inakuja nyuma." Ajusteri ni fundi anayechonga vyuma mpaka viingiane, na mimi nilijisifu kwa jicho langu la kupima.

Kufikia miaka ya tisini, dizeli ndizo zilizovuta mabehewa. Masini ya mwisho ya mvuke ililala kwenye reli ya kando, majani yakiota tanurini. Nikaanza kuiunda upya, ndogo: sentimeta ishirini za masini, kwangu moja. Nilikwama kwenye shodieri, pipa la kuchemshia maji. Nikapima bomba la shaba la injekteri pekee iliyobaki kwenye masini kubwa, kifaa kinachosukuma maji yaingie shodieri. Kipenyo kilikuwa kamili! Nikalikata. Nani angemwasha tena mfu yule?

Mama yangu, aliyeishi nasi, aliishika kazi ilipokwisha. "Mutoto wangu, inatembeaka?"

"Inatembeaka, mama." Nikaiwasha kwa spiriti, ikapita mezani katikati ya sahani. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja.

Kisha vita vikatukaribia. Wanajeshi wakachukua dizeli zote. Familia zetu zilijaa stesheni na mafurushi, mama akiwa kati yao na miguu yake iliyovimba. Shefu wa atelié akatukusanya.

"Tuwashe ya mvuke. Kila muntu mwenye alikamata kitu, arudishe. Sitauliza."

Nilipigwa na butwaa. Fundi wa breki alileta filimbi. Mtunza taa alileta taa. Manometa, ile saa ya kuonyesha nguvu ya mvuke, shefu mwenyewe aliitoa ukutani kwake! Kumbe sote tulikuwa wezi. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimerudi, isipokuwa kimoja.

"Tuyo ya injekteri, ile bomba ya shaba, iko wapi?"

Nilikwenda nyumbani, nikarudi nimebeba masini yangu ndogo. "Shefu, iko humu. Minyi njo nilikata."

Aliigeuza mkononi. "Weye? Weye mwenye kupima?"

Ghala lilikuwa limeporwa. Katika nchi hii ya shaba, hatukupata hata mita moja ya bomba, na masini haikuondoka. Jioni watu wakashika njia kwa miguu, wakifuata reli. Mama alitembea siku mbili. Tulimzika karibu na mataruma, bila jeneza, na mpaka leo siamini kwamba ni mimi niliyekata bomba lile.

Sasa nimestaafu. Wageni huisifu masini ndogo iliyo kabatini, huniita fundi stadi, nami hushindwa kuwaangalia. Ninyi vijana mnaojifunza kazi, msikate kitu kwa sababu tu kimelala.

Juzi mjukuu wangu aligusa shodieri. "Nkambo, inatembeaka?"

Nilishtuka, nikageuka kana kwamba mama ameingia. Nikamjibu kwamba haitembei.