Nyapara Ndani ya Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi hadubini na onyo: "Rispa, ukiandika 'hakuna', uwe umetafuta." Nilikuwa msichana wa mtaa wa Tena, Nairobi, mwenye viatu vya kuazima, nikaona huyu mzee ana maringo. Nilianzia vimelea vya malaria, nikahamishiwa benki ya damu, hatimaye kitengo cha jeni. Huko ndiko nilikotamba, na sioni haya kusema.

Vijana, kuna jeni iitwayo ABL. Hutengeneza tairosini kinesi, kimeng'enya kinachoamuru seli zikue. Ni nyapara wa mjengo: akisema jengeni, mnajenga, akinyamaza, mnapumzika. Jeni hiyo ikikatika na kuungana na nyingine, BCR, nyapara hanyamazi tena. Seli nyeupe huongezeka kama ghorofa za mtaa wa Pipeline, zilizobanana, na hiyo ni aina moja ya saratani ya damu. Vipo vidonge vya kumziba mdomo. Mimi nilipima kama bado anapiga kelele.

Mgonjwa wetu mmoja, Halima, muuza vitambaa wa Eastleigh, alikuwa akiendelea vizuri kwa vidonge hivyo, kisha vipimo vikaanza kupanda. Nilirudia, vikapanda vilevile. Daktari akamwita, nami nikiwepo.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza, daktari. Leo mimi, kesho wifi yangu."

"Wifi?"

"Naye ana saratani ya damu. Tunakula sahani moja, sasa nitamezaje peke yangu nikimwangalia?"

Niliumia moyoni, maana ukarimu ule ungemuua. Daktari akaagiza damu ya wifi, nami nikamtafuta nyapara humo, nikarudia. Hakuna. Ugonjwa wake ulikuwa wa aina nyingine, na vile vidonge havikumfaa hata kidogo. Halima alilia sana. Wifi akaanzishiwa dawa zake, na Halima akarudi kumeza zake kila siku.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, damu ya Halima ilifika mezani. Nimwachie mwingine? Thubutu! Nilipima, nikapima tena, nikatoka na daktari hadi kwenye benchi walikoketi yeye na wifi. Daktari akanipa ishara niseme.

"Hakuna," nikasema.

Halima akanikazia macho. "Umetafuta vizuri, dadangu?"

"Nimetafuta."

Wifi ndiye aliyepiga kigelegele, hadi mlinzi akaja mbio.

Siku hizi niko Tena, majirani wananiita Mama Damu. Mali sikupata. Lakini kigelegele kile kilipigwa kwa neno langu moja, na neno hilo nilikuwa nimelitafuta.