Siku Niliyokalia Kiti cha Mzee Nyamhanga

Aibu hii nimeibeba mwaka wa pili sasa, na kama si kwamba kila nikikatiza sokoni Tarime kuna mtu ananiita "tata", yaani baba, halafu anaangua kicheko, pengine ningekuwa nimeshaikana. Acha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa rafiki yangu Marwa, maana Marwa huongeza chumvi: mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili, nilimwinua mzee aliyepita themanini kwenye kiti chake mbele ya wanafunzi na walimu, nikakaa mimi, tena nilipokaa nikajiegemeza kabisa.

Jina langu ni Mwita. Ukilisikia tu unajua huyu ni Mkurya, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwa sababu zaidi ya jina sikuwa na kitu kingine. Mama yangu ni Mnyiramba, nimezaliwa na kukulia Singida, na baba, ambaye alikuwa askari jeshi, alifariki nikiwa na miaka minne, akaniachia picha moja akiwa kwenye gwanda, pamoja na neno "Morotonga", ambalo mama anakumbuka baba akilitaja kila alipoulizwa kwao ni wapi. Basi wakati wa kuomba chuo wenzangu walikimbilia Dodoma na Dar es Salaam, mimi nikajaza tawi la chuo kikuu lililoko Tarime, makusudi kabisa, nikiamini (msicheke) kwamba nikishuka tu kwenye basi watu watanitambua kwa sura.

Hakuna aliyenitambua. Jumamosi moja nikapanda gari hadi Mugumu, nikaenda Morotonga, nikaulizia dukani nyumbani kwa Chacha aliyekuwa askari, na mwenye duka akaniangalia akasema, "Chacha yupi? Hapa hata mimi ni Chacha, na mdogo wangu ni askari." Nikanunua soda ili nisionekane nimekuja bure, nikainywa nimesimama, nikarudi. Chuoni nako nilikula peke yangu nikiangalia simu ambayo haikuwa na ujumbe wowote, nikiifungua na kuifunga kama mtu mwenye shughuli nyingi, na usiniulize kwa nini, mtu mpweke anapenda sana kuonekana ana shughuli.

Sasa uamuzi wenyewe, ule mdogo. Wiki ya nne, bwaloni, meza zote zilikuwa zimejaa nikalazimika kukaa na kundi la vijana waliokuwa wakipiga soga kwa Kikurya, mmoja akasimulia jambo, wote wakacheka wakipiga meza, na mimi nikacheka. Sikuelewa hata neno moja. Nilicheka kwa kuchelewa kidogo, lakini nilicheka kwa nguvu, na yule aliyekuwa karibu yangu, ambaye ndiye Marwa, akanipiga begani akasema, "Mura, kijana, kumbe wewe ni wa kwetu!" Wiki nne nzima hakuna mkono wa mtu uliokuwa umenigusa. Ningewezaje kumwambia kwamba sijaelewa?

Kuanzia hapo nikawa Mkurya wa kuigiza. Wakiniongelesha nilijibu "eee" nikitikisa kichwa taratibu, mambo yakiwa mazito nilikohoa, na yakizidi nilitoka nje kupokea simu. Ajabu ni kwamba ukimya huo ulinipandisha cheo. "Mwita haongei hovyo," Marwa aliwaambia watu, "Mwita anaongea kama wazee." Nikapewa nafasi mezani, nikapata rafiki, nikaanza kulala vizuri. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kurudi kwenye ile meza ya kuangalia simu.

Halafu ukatokea ugomvi. Vijana wa koo mbili (sizitaji, wenyewe wanajijua) walipigana kwenye mpira wa mabweni, kijana mmoja akang'olewa jino, na baada ya hapo hata bwaloni kila upande ukawa na mlango wake. Mwalimu mlezi wetu, Madamu Ghati, mama mpole ambaye akikasirika hufuta miwani, akasema hataki kuita askari wala kufukuza mtu, chuo kinafundisha mila za watu darasani basi kizitumie, akawaita wazee watano waje watupatanishe kwa utaratibu wa Kikurya. Kila upande ukatoa vijana ishirini. Upande wa Marwa wakapendekeza nani? Yule anayeongea kama wazee.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, ukumbini, mbuzi wameshachinjwa na nyama inanukia mpaka kwenye madarasa. Mzee Nyamhanga, kiongozi wa wale wazee, mrefu, amevaa koti zito na kofia, alikaa kwenye kiti chenye mikono kilichotolewa ofisi ya mkuu wa tawi. Akaeleza kwa Kiswahili ili walimu wasio Wakurya wafuate: kila mmoja ataje jina lake na irikora yake, kwa sababu watakula kwa irikora, vijana wa koo zote mbili kwenye sinia moja, na waliokula pamoja namna hiyo hawapigani tena. Irikora ni kizazi, unakirithi, mtoto wa Maina ni Saai, mtoto wa Saai ni Nyambureti, inazunguka hivyo, na haitazami umri, inatazama baba yako alikuwa nani. Wa kizazi kimoja wanakula pamoja. Kizazi cha baba na cha mtoto hawachangii sinia, wanaheshimiana, wanaoneana haya.

Mimi yote hayo ya kurithi na kuzunguka sikuwa nayajua kama ninavyowaeleza sasa. Nilichojua ni kwamba baada ya watu watatu ingekuwa zamu yangu. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa na wanafunzi wa maendeleo ya jamii, majina ya vizazi vyote, na mimi nikayaangalia nikachagua lililonipendeza, kama mtu anayechagua soda.

"Mwita Chacha," nikasema kwa sauti nene. "Irikora yangu, Gamunyere."

Mzee Nyamhanga akavua kofia, akashika fimbo yake na kuanza kuinuka, polepole, magoti yakimsumbua, na wale wazee wengine wanne nao wakainuka. Nikafikiri nimesema vizuri sana.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Hapana," akanijibu, "mimi siwezi kuitikia shikamoo yako. Mimi ni Maina. Wagamunyere ndio wanaotuzaa sisi. Tata, karibu ukae." Akanionyesha kiti chake.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikatazama upande wa Marwa, nikamwona ameshika mdomo kwa mshangao na (niliona hivyo) kwa fahari, nikatembea mbele, nikakaa. Kiti kilikuwa bado kina joto. Mzee Nyamhanga akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi.

Masinia yakaletwa. Vijana wakapangwa, huyu wa ukoo huu, yule wa ukoo ule, wakaanza kwa kununa, mkono wa huyu ukikwepa mkono wa yule, lakini nyama ni nyama, baada ya muda nikasikia mtu akimwambia mwenzake wa upande wa pili, "Chukua hilo la mbavu, mura, mimi jino halipo tena, si mliling'oa ninyi." Wakacheka. Wote wakacheka, koo mbili. Na mimi? Gamunyere mwingine hakuwepo. Nikaletewa sinia langu peke yangu, la nyama na ugali wa watu sita, juu ya kiti kikubwa, mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimedanganya mwezi mzima ili nisile peke yangu, na siku hiyo nikala peke yangu kuliko siku zote za maisha yangu. Hata simu ya kuangalia sikuwa nayo, tuliziacha mlangoni.

Sijamaliza. Chakula kilipokaribia kwisha, wakati wa kusema maneno ya kufunga ugomvi, Madamu Ghati akamwomba Mzee Nyamhanga asimame, naye akasimama, lakini akanigeukia mimi.

"Siwezi kutangulia kuongea mbele ya baba," akasema. "Tata ndiye aanze kubariki, sisi watoto tutafuata." Kisha akaongeza jambo kwa Kikurya, refu, akaniinamia kidogo na kungoja.

Nikasema, "Eee."

Akaendelea kungoja. Nikakohoa. Nikakohoa tena, ndefu zaidi, mpaka Madamu akaniletea maji, nikanywa maji yote, nikamrudishia glasi, na Mzee Nyamhanga bado amesimama na kofia mkononi, miguu ikimtetemeka, kwa sababu mtoto hakai baba akiwa hajasema neno. Nadhani ni ile miguu iliyonishinda. Nikaondoka kwenye kile kiti.

"Babu, kaa," nikasema. "Mimi sijui Kikurya. Irikora yangu siijui, nimeisoma pale ukutani. Baba yangu alikufa sijaanza hata shule."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Sikumtazama Marwa. Mzee Nyamhanga hakucheka, aliinua fimbo watu wakanyamaza, akaniuliza jina la baba, nikasema Chacha Mwita, askari, wa Morotonga, akaligeukia lile kundi lote na wazee wenzake akauliza nani anamjua. Watu wakatazamana. Mzee mmoja alianza kusema kitu halafu akajisahihisha kwamba huyo anayemkumbuka siye. Ukumbi mzima, watu wenye majina kama yangu na paji la uso kama langu, hakuna hata mmoja aliyemjua. Kicheko nilikuwa nimeshakizoea, lakini ukimya ule bado nausikia.

Kisha akatangaza kwamba chakula kile hakihesabiki. Patano haliwezi kukaa juu ya uongo, kila mtu anawe tena, masinia yajazwe upya na tuanze mwanzo. Nyama iliyobaki jikoni ilikuwa kidogo, ya utumbo, na hapo ndipo vijana wa koo zote mbili walipoungana kikweli kweli kunilaani, kwa lugha zote wanazozijua, bega kwa bega, wakimaliziana sentensi. Madamu Ghati alifuta miwani mara tatu. (Hawajapigana tena hadi leo, na Marwa anadai sifa ni zangu.)

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, nachukua simu yangu, niliposikia fimbo inagonga sakafu.

"Wewe, mura! Unaenda wapi?"

"Bwenini, babu."

"Njoo ukae hapa." Akapapasa benchi pembeni yake. "Mpaka tumjue baba yako, wewe ni mjukuu. Babu na mjukuu hawaoneani haya, tunakula sinia moja, na mjukuu anaruhusiwa kuuliza upuuzi wowote."

Nikakaa. Akanisogezea kipande cha utumbo, akaniinamia sikioni na kuniambia jambo kwa Kikurya, fupi, halafu akacheka peke yake mpaka mabega yakatikisika, na wazee wote wanne wakacheka, na mimi nikahisi mdomo wangu nao unafunguka, tayari, kama siku ile bwaloni.

Nikaufunga. Niliapa pale pale, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitacheka tena jambo nisilolijua hata kama nitabaki peke yangu mezani mpaka nizeeke.

"Babu," nikasema, "sijaelewa."

Akaacha kucheka, akafuta mikono kwenye koti lake, akageuka akanitazama vizuri. Kisha akanirudia tangu mwanzo, taratibu, neno kwa neno.