Bi Kimya Afungua Ukurasa

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye anayekaa kwenye kaunta ya kuazimisha vitabu pale maktaba. Wasomaji wamempachika jina la Bi Kimya, na hawakukosea. Akikutazama juu ya miwani, hata kikohozi kinarudi kifuani kilikotoka. Akili kairithi upande wetu wa wajomba. Huo ukali sijui kautoa wapi, waulizwe kwa baba yake.

Basi Mkuu wa maktaba akawakusanya wafanyakazi, akasema watu wamehamia mtandaoni na maktaba haiwezi kubaki inapanguswa vumbi tu. Kila Jumanne asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, wakae wajifunze kufungua ukurasa, kupakia picha na kujibu watu. Jumanne ya kwanza alitokea Bi Kimya peke yake. Anayejalidi vitabu alisema gundi yake itaganda, mpanga rafu akasema rafu hazijipangi, mlinzi akasema analinda. Mkuu hakugomba. Alimkabidhi Bi Kimya ukurasa, akamwambia kaunta ni kaunta, iwe ya mbao au ya mtandaoni: mwezi ukiisha ukurasa hauna watu, yeye atakwenda ghala la magazeti ya zamani, na kaunta atapewa mwingine.

Hapo alimshika pabaya. Furaha yote ya mtoto yule ni kumkabidhi mtu kitabu na kumwona anavyokipapasa jalada. Ghalani kuna magazeti na panya, na panya hawaazimi.

Akaja kwangu. Angekwenda kwa nani? Simu mimi naijua nje ndani. Kwenye kundi la ukoo nimeshatolewa zaidi ya mara moja kwa kutuma picha za maua kila asubuhi, na mtu hatolewi mahali asipojulikana. Nikamfundisha jikoni kwake, yeye anamenya vitunguu, mimi nimeishika simu mbali kidogo na macho. Shule niliiacha mapema, sikatai, ila simu haijawahi kuniomba cheti.

Ukurasa ukafunguka. Picha ya kwanza ilikuwa ya ukumbi wa kusomea, viti vimenyooka kama askari. Watu wakaja mbio. Mmoja akaweka vikatuni vya kucheka, mwingine akauliza kama kile kitabu cha mapishi kimesharudishwa, wawili wakaanza kubishana kuhusu riwaya. Kwetu sisi wajuzi hiyo ni neema tupu. Bi Kimya yeye akaona ghasia. Akaandika: "Tafadhali punguzeni sauti, wenzenu wanasoma." Walipozidi kucheka, akaanza kufuta. Akafuta vicheko, akafuta ubishi, akamfuta na yule wa mapishi, maskini. Ukurasa ulipobaki mweupe pe, akanionyesha kwa fahari.

"Mjomba, umeona ulivyotulia?"

"Nimeona, mama. Hata makaburini watu huwa wanalia kidogo."

Akaninunia. Lakini Mkuu naye alikuwa ameshaona, na alikuwa ameshamwagiza mlinzi atafute funguo za ghala.

Nikamuuliza mpwa wangu, pale kaunta mtu akirudisha kitabu, huwa anamfukuza? Akasema la, humuuliza kimemwachaje, kisha wananong'onezana mpaka foleni inalalamika. Nikamwambia basi huko mtandaoni nako anong'one.

Kesho yake saa ya chai alijifungia kwenye chumba cha kujalidi, akaandika kuhusu riwaya ya mjane anayekataa kuuza nyumba: ameirudia kuisoma na bado hajajua kama yule mama alikuwa na haki, je, wenzake wanaonaje? Fundi wa kuchomelea vyuma akajibu kwamba mjane alikuwa mkaidi tu. Mwalimu mmoja mstaafu akamjibu fundi kwamba mtu anayeshinda na cheche hawezi kuelewa nyumba. Moto ukawaka, watu wakajigawa kambi mbili. Mpwa wangu akanipigia anatweta, kidole kiko juu ya kufuta. Nikamwambia akitoe kidole hapo akashike ufagio. Alifagia chumba kilichokuwa safi, akakifagia tena.

Mwezi ulipoisha Mkuu akashuka ngazi na funguo za ghala mkononi. Pale kaunta akawakuta fundi na mwalimu, ndiyo kwanza wanaonana ana kwa ana, kila mmoja kashika ncha moja ya riwaya ileile, maana nakala ni hiyo tu. Nyuma yao foleni imefika mlangoni. Bi Kimya akambana fundi mpaka akakiri kwamba riwaya hajaisoma, alisimuliwa. Akampa yeye kwanza.

"Na mimi je?" mwalimu akauliza.

"Wewe umeshaisoma, mwalimu. Mwache na mwenzako abishe kwa ushahidi."

Mkuu akazitia funguo mfukoni. Akamwambia Bi Kimya aharakishe, watu wameziba mlango, kisha naye akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Fundi alikuwa ameshaifungua riwaya kabla hajafika barabarani, na anamlaumu mjane kwa sauti.